Mtoto mwenye mahitaji maalumu atoke kwenye "mengineyo"

Chukua faili la mihtasari ya vikao vya kamati katika shule yoyote ya msingi ya serikali, usome ya mwaka mzima. Utakuta mpangilio ni ule ule: kufungua kikao, muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya taaluma, mapato na matumizi, ujenzi, chakula cha wanafunzi, mengineyo, kufunga. Wanafunzi wenye ulemavu, wakibahatika kutajwa, watatajwa kule mwisho kwenye mengineyo, wakati mjumbe mmoja ameshaomba udhuru wa msiba na wengine wanatafuta kofia zao. Mwalimu mkuu atasema mashine ya nukta nundu, ile ya maandishi ya wasioona, bado mbovu na barua iliandikwa wilayani. Mwenyekiti atasema tuzidi kufuatilia. Katibu ataandika hivyo hivyo, na kikao kijacho hakuna atakayeulizwa, kwa sababu jambo la mengineyo halipewi mtekelezaji wala tarehe.

Nimeamua kuiandikia kamati na kuiacha wizara kwa leo. Wizara tumeiandikia sana, na kwa upande wa nyaraka haina deni kubwa. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi umeshatoka mara tatu: wa 2009 hadi 2017, wa 2018 hadi 2021, kisha wa 2021/22 hadi 2025/26. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinahusu elimu, Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Karatasi zipo. Anayekosekana ni mtu wa kusimama pale shuleni na kuuliza haya yaliyoandikwa yamefikia wapi darasa la pili B. Na mtu huyo tayari tunaye, maana Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imeitaka kila shule ya msingi iwe na kamati, na kila sekondari iwe na bodi.

Utetezi wa kwanza utakaousikia kwa wajumbe ni huu: sisi si wataalamu, mimi ni mkulima, huyu muuza duka, yule mama ntilie, mambo ya elimu maalumu wamesomea watu chuo cha ualimu Patandi. Ni kweli kabisa, na hakuna anayewaomba wafundishe nukta nundu. Lakini wajumbe hao hao hawakusomea uhandisi, na bado wamejenga nchi hii. Mwaka 2021 zilipokuja zile fedha za UVIKO-19, ambazo ndani yake kulikuwa na vyumba 12,000 vya sekondari, 3,000 vya vituo shikizi na mabweni 50 ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, walioshinda juani wakihesabu mifuko ya saruji na kugombana na mafundi walikuwa watu wa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Walijifunza bei ya nondo, walijifunza kukataa kokoto zenye udongo. Mtu anayeweza kukataa lori la kokoto anaweza pia kuuliza kwa nini mtoto wa mama fulani hajaonekana shuleni tangu Machi.

Tuanzie hapo hapo kwenye ujenzi, kwa sababu ndipo kamati inapojiamini.

Siku hizi ramani za madarasa na vyoo zinakuja na njia ya kiti mwendo, ile mafundi wanayoiita rampu. Tembelea shule mpya uiangalie. Nyingi zimejengwa ili mkaguzi aweke alama ya vema. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimeta moja ya kupanda, njia iende sentimeta kumi na mbili mbele. Sakafu ya darasa ikiwa imeinuka sentimeta 45, yaani ngazi tatu za kawaida, njia hiyo inatakiwa iwe na urefu wa mita 5.4. Fundi akiambiwa abane matumizi ataimaliza ndani ya mita mbili, na hapo unapata kilima ambacho mtoto hakipandi bila kusukumwa na wenzake wawili, na kushuka kwake ni hatari zaidi ya kupanda. Nimeiona shule moja ambayo njia ilikuwa nzuri, ndefu, imepakwa hata rangi, halafu mwisho wake pamewekwa kizingiti cha kuzuia maji ya mvua. Magurudumu yanagota hapo. Kwa hiyo wenzake wanamnyanyua, kila asubuhi, mbele ya shule nzima.

Kupima haya hakuhitaji shahada. Futi kamba ya fundi inatosha. Mjumbe apime urefu wa njia, upana wa mlango, na apite mwenyewe mpaka chooni. Chooni ndiko mambo yanakoharibikia kabisa: tundu moja limetengwa kwa ajili ya wenye ulemavu, lina kiti na bomba la kujishikia ukutani, na limefungwa kufuli. Funguo anazo mwalimu wa zamu. Sababu unayopewa ni kwamba watoto wengine watakichafua. Basi mtoto asiyeweza kuchuchumaa anaacha kunywa maji tangu nyumbani ili asihitaji choo, au anabaki nyumbani moja kwa moja. Kamati ikitoa azimio kwamba kufuli hilo litoke leo, itakuwa imefanya kazi kubwa ya elimu jumuishi bila kutumia hata shilingi.

Lakini kiti mwendo kinaonekana, na ndiyo maana hata kamati mvivu hukikumbuka. Wengi zaidi ni wale ambao ulemavu wao hauna kifaa cha kuonyesha: mwenye uoni hafifu anayenakili kutoka kwa jirani kwa sababu ubao kwake ni ukungu, asiyesikia vizuri sikio moja, mwenye usonji asiyevumilia kelele, mwenye akili timamu kabisa ila herufi zinamchanganya. Hawa shuleni wana majina yao, na si majina ya kitaalamu. Mzito. Mtukutu. Jeuri. Wapo walimu wazuri wanaowagundua, lakini darasa la wanafunzi 90 halimpi hata mwalimu mzuri nafasi ya kutazama nyuso moja moja.

Hapa ndipo ninapoona kamati ina chombo ambacho haikitumii. Kanuni za adhabu ya viboko zinataka kiboko kitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mimi kiboko sikitaki shuleni, lakini maadamu kanuni ipo, kitabu nacho kipo, au kinapaswa kuwepo. Kamati ikiombe. Ikifungue pamoja na daftari la mahudhurio. Jina likijirudia, mtoto yule yule kila wiki kwa kosa la kutotii amri au kutomaliza kazi ya darasani, swali la kwanza liwe: masikio yake yamepimwa? Macho je? Mtoto aliyeambiwa "simama" mara tatu akabaki amekaa anaweza kuwa jeuri. Anaweza pia kuwa hakusikia. Kumpima ni safari ya kituo cha afya na pengine hospitali ya wilaya. Kumchapa ni rahisi zaidi, ndiyo maana anachapwa.

Na kitabu kisipoonekana, au kikawa tupu katika shule ambayo kila mtu mtaani anajua fimbo zinatembea, hilo nalo ni jambo la kikao.

Kwa macho kuna njia nyepesi. Chati ya herufi E ya kupimia macho inabandikwa ukutani, mtoto anasimama mita sita, anaonyesha kwa mkono E imeelekea wapi. Mhudumu wa macho wa hospitali ya wilaya akialikwa kwa siku moja, kabla muhula haujachanganya, anaweza kupita darasa zima kwa muda wa vipindi vichache. Anayetakiwa kumwalika ni nani? Mwalimu mkuu ana mitihani ya kata, ana takwimu za kujaza, ana ugeni wa wilaya. Mjumbe wa kamati anayeishi karibu na hospitali anaweza kupeleka barua hiyo mwenyewe na kusubiri jibu.

Sasa pesa. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 6,000 zinaingia akaunti ya shule na 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 800 inapata hapo shilingi 4,800,000 kwa mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi. Ni fedha ndogo, sitabishana na mwalimu mkuu juu ya hilo. Ndani yake kuna chaki, karatasi za mitihani ya ndani, matengenezo ya dawati, mlinzi kila mtu anamlilia. Lakini fedha ndogo ndiyo inayohitaji kupangwa. Fedha nyingi hata ikipotea kidogo kazi inaendelea.

Kamati ndiyo inayopitisha matumizi. Mwongozo una vifungu vyake, na vifaa vya kufundishia na kujifunzia ni kimojawapo. Karatasi nzito ya nukta nundu ni kifaa cha kujifunzia kwa asiyeona kama daftari lilivyo kwa anayeona. Betri ya shime sikio, kile kifaa cha kumsaidia mtu kusikia, vilevile. Ikitengwa asilimia tano tu ya zile 400,000, ni 20,000 kwa mwezi, 240,000 kwa mwaka. Haitanunua mashine mpya, na haitajenga bweni. Italipa nauli ya mzazi na mtoto kwenda kupimwa, itanunua betri, itanunua kalamu za wino mzito kwa mwenye uoni hafifu, na italeta fundi. Zaidi ya kiasi chenyewe, itakuwa na mstari wake kwenye taarifa ya mapato na matumizi, na mstari ukishaandikwa lazima usomwe kila kikao. Mstari ukisomwa una sifuri, kuna mtu ataona aibu.

Nimetaja fundi kwa sababu ya zile mashine. Mashine ya nukta nundu aina ya Perkins, yenye vitufe sita vya nukta na uzito wa karibu kilo tano, ni chuma cha kudumu. Ikitunzwa inamtoa mtoto darasa la kwanza mpaka la saba na kumhudumia mwingine baada yake. Lakini vumbi likiingia, au kitufe kimoja kikakwama, basi, kwa sababu herufi nyingi zinakufa na kitufe hicho. Shule inaiweka stoo, juu ya madawati mabovu, inaandika barua ya kuomba mpya. Katika stoo za halmashauri moja unaweza kukuta shule tatu zina mashine mbovu ambazo fundi mmoja aliyefundishwa kazi hiyo angezipitia zote kwa siku mbili. Kamati za shule tatu zikichangia nauli na posho yake, zimemaliza. Kinachozuia ni kwamba kila kamati inadhani tatizo ni lake peke yake, na afisa elimu maalumu wa halmashauri, ambaye angeziunganisha, hajawahi kualikwa kwenye kikao cha hata moja.

Kuna yasiyodai hata hiyo 20,000. Sare za shule na utaratibu wa paredi ni mambo ambayo kamati ina sauti kubwa. Mtoto mwenye ualbino akilazimishwa kaptura na shati la mikono mifupi kama wenzake, kisha akasimama paredi saa mbili asubuhi bila kofia kwa sababu kofia ni utovu wa nidhamu, shule inamchoma ngozi kwa mujibu wa sheria ndogo za shule. Saratani ya ngozi ndiyo inayowaondoa wengi wao mapema. Azimio la sentensi moja linatosha: mwanafunzi mwenye ualbino avae mikono mirefu, sketi ndefu au suruali, na kofia pana wakati wote yuko nje, na dirishani asikalishwe. Mafuta ya kuzuia jua yanatengenezwa hapa hapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi, kwa ajili yao. Kazi ya kamati ni kuuliza hospitali ya wilaya kama yanapatikana na nani anayafuata. Uoni hafifu huambatana na ualbino karibu mara zote, kwa hiyo huyo mtoto anatakiwa akae mbele, na aruhusiwe kuinuka kwenda ubaoni kusoma kwa karibu bila kuitwa mtoro wa kiti.

Mtihani wa darasa la saba nao una lake. Baraza la Mitihani limeweka muda wa nyongeza kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wenye uoni hafifu huandaliwa karatasi yenye maandishi makubwa, wasioona nukta nundu. Hayo yote yanategemea jambo moja dogo sana, kwamba wakati wa usajili, miezi mingi kabla ya Septemba, hitaji la mtoto liliandikwa sawasawa. Lisipoandikwa, siku ya mtihani hakuna wa kumlaumu. Karatasi imeletwa ya kawaida na msimamizi hana mamlaka ya kubuni. Mjumbe mmoja akiuliza mwanzoni mwa mwaka majina ya watahiniwa wenye mahitaji na walivyosajiliwa, ameokoa miaka saba.

Swali ni mjumbe gani huyo. Nikimwambia mwenyekiti "kamati iulize", nimemwambia asiwepo wa kuuliza. Nchi nyingine zimelijibu swali hili kwa njia tatu tofauti, na inafaa tuzitazame.

Kenya imeweka kiti. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inapotaja wajumbe wa bodi ya usimamizi ya shule, imemtaja mmoja wa kuwakilisha watu wenye mahitaji maalumu. Afrika Kusini imeweka kamati ndogo: sheria yao ya shule ya mwaka 1996 inaitaka bodi ya shule ya kawaida yenye wanafunzi wa mahitaji maalumu iunde kamati ya kushughulikia mahitaji hayo. Uingereza, kule England, mwongozo ulioanza kutumika baada ya sheria ya watoto na familia ya 2014 unaitaka bodi ya shule iwe na mjumbe au kamati ndogo yenye jukumu mahsusi la kusimamia mipango ya shule kwa wanafunzi hawa, na shule yenyewe itangaze taarifa kila mwaka kuhusu inachowafanyia. Kule mjumbe huyo hukutana na mwalimu mratibu wa mahitaji maalumu, hupita madarasani, hurudi na taarifa kwa wenzake.

Mimi ningechukua ya England, na sababu yangu si kwamba ni ya Wazungu. Kiti peke yake tunakijua kinavyokuwa. Anachaguliwa mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu, au mtu mwenye ulemavu, anakaribishwa kwa makofi, kisha kila likija jambo lolote la ulemavu wote wanamgeukia yeye, na likija la bajeti wanamsahau. Amekuwa picha ya kikao. Kamati ndogo nayo kwa shule zetu ni anasa, maana tayari tuna kamati ndogo za taaluma, nidhamu, ujenzi na chakula, na watu ni wale wale watano. Mjumbe mmoja mwenye jina lake kwenye muhtasari, mwenye kazi inayotajwa, na mwenye dakika kumi zake kwenye agenda kabla ya mapato na matumizi, huyo anawezekana kesho. Hauhitajiki waraka mpya. Mkutano wa wazazi ndio unaochagua wajumbe wao, na kamati ndiyo inayogawana majukumu. Akiwa mzazi wa mtoto wa kitengo cha elimu maalumu, vizuri. Lakini asichaguliwe kwa sababu hiyo tu. Achaguliwe yule anayejulikana kijijini kwa kusumbua.

Maana atahitaji kusumbua, hasa kwenye suala la walimu. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mwalimu aliyesomea elimu maalumu anapangiwa shule kwa ajili ya kitengo, anafika, anakuta darasa la nne halina mwalimu wa Hisabati. Mwalimu mkuu, kwa dhiki ya kweli, anampa vipindi 24 vya darasa la kawaida. Watoto wa kitengo wanabaki na mkeka na chupa za plastiki za kuhesabia, wanacheza mpaka saa sita, wanarudishwa nyumbani. Kwenye takwimu shule ina kitengo na ina mwalimu. Mzazi aliyemtoa mtoto wake ndani, baada ya miaka ya kumficha kwa aibu, anaona hana alichojifunza, anamrudisha ndani. Na huyo hatarudi tena kwa kampeni yoyote ya uandikishaji.

Kamati haiwezi kumwajiri mwalimu wala kumhamisha. Inaweza kuomba ratiba. Ratiba ya shule ibandikwe, ionekane mwalimu wa kitengo ana vipindi vingapi kitengoni, na upungufu ukiwepo uandikwe kama upungufu, usifichwe kwa kumhesabu mtu mmoja mara mbili. Kisha barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa elimu maalumu, afisa elimu kata na diwani, ikiambatanishwa na muhtasari uliosainiwa. Barua ya mwalimu mkuu peke yake ni malalamiko ya mtumishi kwa bosi wake, na walimu wakuu wanajua gharama ya kulalamika. Barua ya kamati ni sauti ya wazazi wanaopiga kura. Diwani ataisoma. Mthibiti ubora wa shule naye akija, ripoti yake isomwe kwenye kikao, hasa kile kipande cha mapendekezo, kabla haijaingia kabatini.

Uandikishaji wa darasa la kwanza ni mahali pengine ambapo ukimya wa kamati unaumiza. Mama anakuja na mtoto asiyesikia. Anaambiwa kwa upole kabisa: hapa hatuna mwalimu wa lugha ya alama, mpeleke shule ya viziwi. Shule ya viziwi iko mkoa mwingine, au ni ya bweni na nafasi zimejaa. Mama anashukuru, anaondoka, na hakuna rekodi kwamba alifika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imeweka shule ya kawaida kuwa ndiyo kanuni, ikiacha mlango kwa mtoto ambaye mahitaji yake ya mawasiliano yanadai mahali maalumu. Kwa mtoto kiziwi, shule yenye lugha ya alama na wenzake wanaoitumia inaweza kweli kuwa bora. Wapo viziwi wengi watakaokwambia shule za viziwi za Buguruni au Tabora ndiko walikopata lugha yao ya kwanza. Sipingi rufaa hiyo. Ninachopinga ni rufaa ya mdomo. Kamati idai daftari: nani alikuja, ana hitaji gani, ameelekezwa wapi, alipokelewa? Mtendaji wa kijiji yumo kwenye mambo haya, na sheria hiyo hiyo imeanzisha kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Daftari moja likipita mikono hiyo miwili, mtoto hapotei njiani.

Kwa shule zenye bweni, lipo jukumu ambalo haliombi subira. Bweni la watoto wasioona, viziwi au wenye ulemavu wa akili lina maswali ambayo bweni la kawaida halina. Oktoba 2022 moto uliunguza bweni la shule ya wasioona ya Salama, wilaya ya Mukono, Uganda, usiku, na watu 11 wakafa. Kwetu Shinyanga, Buhangija iligeuka kimbilio la watoto wenye ualbino waliokimbia kuwindwa, na kwa miaka mingi bweni likawa ngome kwanza, makazi baadaye. Ngome ina nondo madirishani na mlango mmoja. Hapo kuna mgongano wa kweli kati ya kuwalinda na mtu wa nje na kuwatoa ndani haraka, na kamati isijifanye haupo. Iende usiku. Ione mlango unafunguka upande gani, funguo ziko kwa nani, matroni analala wapi, kiziwi anaamshwaje kengele ikilia, asiyeona ameshawahi kufanyishwa zoezi la kutoka au anaambiwa tu "mtatokea kule". Ihesabu vitanda na watoto. Ikikuta watoto watatu kitanda kimoja, hiyo haisubiri kikao cha robo mwaka.

Wajumbe hawalipwi, na nimesikia wakisema mzigo huu ni mkubwa mno kwa mtu wa kujitolea. Ukiupima, ni ziara moja kwa muhula, kurasa mbili za taarifa, na swali moja linalorudiwa kila kikao mpaka lijibiwe. Ukubwa wa mzigo ni wa kijamii zaidi: kumuuliza mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wa kamati hiyo hiyo na pengine ndiye aliyekufundisha wewe kusoma, kwa nini choo kina kufuli. Vijijini hilo si jambo jepesi, na miongozo ya wilayani haimfundishi mtu namna ya kulifanya. Ndiyo maana jukumu lazima liandikwe kwa jina la mjumbe. Akiuliza, asionekane anamtafuta mwalimu ubaya. Aonekane anatekeleza azimio namba nne la kikao cha Januari, ambalo mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyeliandika.

Januari kamati nyingi hukaa kupanga mwaka. Agenda huandaliwa na katibu na mwenyekiti siku kadhaa kabla, na mjumbe yeyote anaweza kuomba kipengele kiongezwe. Kiombwe kikae juu ya mapato na matumizi, ili fedha zikianza kugawanywa, taarifa ya watoto hawa iwe imeshasikika mezani.